Tundu la Ndururu

Miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nikishona nguo kwenye veranda ya Daktari, pale bazaa la Nakuru, sikumwona hata siku moja akimtambua mtu kwa sura. Mgonjwa angeingia, amsalimu kwa heshima, ataje jina lake na shamba anakotoka, na Daktari angebaki kumkodolea macho kama hawajawahi kuonana. Lakini mtu huyo akiinua mguu tu, Daktari alichangamka. "Ah! Wewe ile ya kisigino. Mke yako nashazaa?"

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Veranda ilikuwa yake, cherehani ilikuwa yangu, na kati ya mlango wake na meza yangu kulikuwa na benchi refu la wagonjwa. Nilimjua kwa kukaa karibu naye, si kwa urafiki, maana sidhani kama alikuwa na rafiki. Kwao ni wapi huko Bara Hindi, mkewe alifariki lini, sikuuliza, naye hakunieleza. Aliniita Fundi, nikamwita Daktari, tukaridhika hivyo.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa kuvua viatu. Uwe na jino, uwe na kikohozi, uwe umeleta mtoto mwenye minyoo, ulivua viatu na soksi kwenye veranda ukaingia miguu mitupu. Kabla hajakuuliza unaumwa wapi, Daktari alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaushika mguu wako kwa mikono miwili na kuugeuza kama mama anayechagua viazi sokoni. Aliangalia unyayo, akapanua vidole, akakagua kila ukucha. Akimaliza miguu aliomba viganja. Ndipo aliposema, "Haya, sasa sema jino."

Watu wazima waliona haya. Mzee mwenye mvi, tena daktari, anakupigia magoti wewe uliyetoka kukanyaga mavi ya ng'ombe! Mzee mmoja wa kutoka Ndabibi alimshika bega akamsihi, "Daktari, simama tafadhali, utaniletea laana." Daktari hakuinua kichwa. "Laana hapana kaa kwa guu," alimjibu. "Geuza ile ingine."

Kwa sababu ya sheria hiyo nilijikuta mlinzi wa viatu bila kuajiriwa. Vilipangwa chini ya meza yangu, na msimu wa mvua veranda yote ilinuka gambuti. Watu wa mashambani, ambao wengi hawakuwa na viatu, waliingia moja kwa moja, na makarani wa mjini wakabaki nyuma wakihangaika na kamba. Sikuwahi kuona mahali pengine Nakuru ambapo kukosa viatu kulimtanguliza mtu.

Hata mzungu alivua. Alikuja mmoja mwenye shamba kubwa huko juu, ameburutwa na mkewe. Wazungu walikuwa na hospitali yao, lakini nadhani bibi yule alikuwa amesikia habari za Daktari kutoka kwa mpishi wake. Bwana akasema buti zake hazina kosa, shida yake iko mgongoni. Daktari akamwonyesha benchi. Basi akakaa, uso mwekundu, akavua buti, na pembeni yake ameketi mpishi yuleyule, aliyekuja kwa ajili ya tumbo. Miguu ya mpishi ilikuwa misafi zaidi, na hilo nalisema kama shahidi.

Mgongo wa bwana yule ulijaa madoa tangu shingoni hadi kiunoni. Mkewe alikuwa analia. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia Daktari akimtuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini hakutumia Kiingereza chake. "Memsahib, hii yote ni ndugu. Rangi moja, mviringo moja. Mimi natafuta ile hapana fanana na ndugu yake." Akatafuta kwa muda mrefu, asilipate. Bwana akaondoka bila hata kwaheri, akasahau soksi moja kwangu, na mpaka leo hakuna aliyeijia.

Kwa Daktari madoa ya mwilini yalikuwa ya aina mbili tu, lililolala na lililoamka. Jioni, wagonjwa wakiisha, alikuja mezani kwangu, akachukua chaki yangu bila kuomba, akanichorea madoa kwenye kitambaa cha mteja. Lililolala lilikuwa dogo, la rangi moja, ukingo wake umekatwa kwa mkasi wa fundi. Lililoamka lilikuwa na ukingo uliotafunwa na panya, weusi na hudhurungi vimechanganyika ndani yake, mara nyingine na wekundu. "Na kubwa kuliko yote, Fundi, lililoamka linatembea. Leo hapa, mwaka kesho hapa." Mimi nilikuwa nawaza jinsi nitakavyofuta chaki kwenye suti ya watu.

Jambo lililomkera kuliko yote ni kusikia watu weusi wakisema kwamba ugonjwa wa doa lililoamka, saratani ya ngozi, ni wa wazungu, kwa kuwa jua linawaunguza wao. "Kwa sisi," alisema, na ngozi yake akiiweka upande wetu, "inajificha. Chini ya guu. Ndani ya kiganja. Chini ya kucha. Pahali mtu hapana angalia." Tena kwetu ilikuwa na pa kujificha pazuri zaidi, nyuma ya funza. Nani asiyejua funza? Kidoa cheusi kwenye unyayo, kinawasha, unachukua pini unachokoa. Kisipotoka unachokoa tena. Kikitoa damu unasema funza huyu ni mkaidi, na miezi inapita.

Kwenye jambo la pini alinigombeza hadharani. Watu walikuwa wakiazima sindano zangu kuchokolea funza palepale kwenye benchi, nami sikuona ubaya. Siku aliyogundua alitoka nje na koti lake jeupe, akainua mkebe wangu wa sindano juu kabisa, mbele ya bazaa zima. "Sindano ni ya nguo! Mtu ikitaka toboa guu, kwanza mimi naona!" Nilikasirika kweli, nikakaa siku kadhaa bila kumsalimu. Hakugundua, kwa sababu hakuwa anatazama uso wangu.

Nisimpambe. Alikuwa mkali, alikuwa mchoyo wa mafuta ya taa, na aliwafokea akina mama waliochelewa kuleta watoto mpaka wengine wakaapa hawatarudi, kisha wakarudi. Alikuwa mwoga wa mbwa. Na alikuwa na majivuno. Akisema doa limelala na mwaka ukapita bila neno, alitembea kwenye veranda kifua mbele na kuniagizia chai. Mtu wa kunipa chai kwa sababu ya unyayo wa mtu mwingine sikumpata tena maishani.

Majivuno yake makubwa yalikuwa ndururu. Wa siku hizi huenda hawaijui: ni ile senti tano yenye tundu katikati. Daktari aliona kwamba doa lililolala, mara nyingi, linaingia lote ndani ya tundu lile na nafasi inabaki. Akampa kila mwenye doa la kutia shaka kidogo ndururu yake mwenyewe. Wengi walitoka mbali, Molo, Ndabibi, na miaka ile ya hali ya hatari kupata pasi ya kusafiri ilikuwa kazi, basi hakutaka waje bure. Mwezi ukiandama, mtu aiweke ndururu juu ya doa na aangalie. Maneno yake nilikuwa nimeyakariri kama sala: "Likikaa ndani ya tundu, kaa nyumbani. Likitoka nje ya tundu, panda lori, kuja."

Ilikuwa akili, nami nilimsifu. Siku hizo hakukuwa na sheria ya viatu. Ndururu ndiyo iliyokuwa ikiangalia miguu ya watu.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu. Aliishi Molo, kwenye shamba la pareto, mjane, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Mke wangu alikuwa mtoto wake wa pekee. Kwetu magharibi, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hamkai chumba kimoja, hamshikani mkono, ukimwona njiani unapisha. Kuona unyayo wa mama mkwe wako ni jambo ambalo hata kulisema hapa linanipa taabu. Basi alipokuja mjini juu ya lori la viazi na habari ya funza asiyetoka kisiginoni, mke wangu ndiye aliyempeleka ndani, mimi nikageukia ukuta.

Daktari alikiangalia kisigino kile. Kidoa kidogo, cha rangi moja, ukingo safi. Akasema limelala. Akampa ndururu na maneno yake, mama akashukuru, akarudi Molo.

Kila mwezi alileta habari kupitia dereva wa lori. Dereva alinipigia kelele kutoka barabarani, "Fundi! Mama anasema liko ndani ya tundu!" Nami niliinua sauti kuelekea mlangoni, "Daktari! Mama yangu wa Molo, liko ndani!" Na yeye ndani akajibu, "Vizuri sana!" Ilikuwa kama adhana. Bazaa zima lilijua hali ya kisigino cha mama mkwe wangu.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia katikati. Mke wangu akaenda Molo kumsaidia mama yake kuvuna, akamkuta anachechemea. Jioni akamwekea maji ya moto kwenye karai amkande miguu. Aliporudi Nakuru hakuja peke yake. Walishuka kwenye lori wote wawili, mke wangu amemshika mama yake kiunoni, nami kabla ya kugeukia ukuta niliona uso wa mke wangu, nikaacha kushona.

Yaliyofuata niliyasikia, na mengine alinieleza mke wangu baadaye.

Daktari aliuliza, "Mama, wewe hapana angalia kila mwezi?"

"Nimeangalia," mama mkwe akasema. "Sijakosa hata mwezi mmoja."

"Angalia sasa. Mbele yangu."

Akatoa ndururu kwenye fundo la leso, akauinua mguu juu ya goti, akaiweka ile sarafu kisiginoni na kuibana kwa kidole. Akatazama. "Si unaona? Ni nyeusi ndani ya tundu. Nje hakuna kitu."

Mke wangu anasema doa lilikuwa limeenea pande zote za sarafu. Ndururu ilikuwa imekaa katikati ya weusi kama kifungo kwenye koti. Lakini mama alikuwa ameambiwa aangalie tundu, naye alitazama tundu, na kilichojaa ndani ya tundu hakiwezi kuzidi tundu. Chuma kilifunika kilichobaki. Mwezi wa kwanza alikuwa ameona ngozi kidogo kuzunguka kidoa. Baadaye ngozi ikatoweka, weusi ukajaa, naye akafurahi kwamba bado haujatoka nje. Alifanya kila kitu kama alivyoagizwa.

Nilingoja kumsikia Daktari akifoka, kwa sababu kufoka ndiyo ilikuwa kazi yake. Badala yake nikasikia magoti yake yakigonga sakafu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipopiga magoti.

"Hapana kosa yako," alisema. "Mama, sikia. Hapana kosa yako. Mimi nasema vibaya. Mimi ilipaswa kusema, angalia ngozi. Ukiona ngozi yako pande zote ndani ya tundu, kaa nyumbani. Ukikosa ngozi, kuja." Akarudia maneno hayo mara nyingi, wakati hayakuwa tena na faida kwa mtu yeyote aliyekuwa chumbani.

Mama mkwe akamwuliza kama atakufa. Daktari akasema, "Kama guu itakaa, ndiyo." Hakujua kupamba maneno. Mama akasema, "Basi mguu uende." Mimi nje nilikuwa nalia, na mtu aliyekuja kuchukua suruali yake akadhani nimefiwa.

Waliukata hospitali kubwa ya Nairobi, chini ya goti. Daktari aliandamana naye kwenye treni daraja la tatu, juu ya mabegi ya watu, akabaki mpaka walipomwambia kwamba ugonjwa haujapanda kwenye kinena. Kisha akarudi Nakuru, akafungua mlango, akatangaza kila mwenye ndururu yake airudishe.

Mji ulicheka. Mhindi amefilisika, walisema, anadai senti tano kwa wajane. Watu walikuja kwa hasira, wakazitupa ndururu juu ya meza yake, na kila aliyetupa akaambiwa vua viatu. Hivyo ndivyo sheria ilivyoanza. Hakumwamini tena mgonjwa kujiangalia, na nadhani hakujiamini yeye kusema. Alibaki na magoti. Katika miguu iliyokuja kwa hasira ulikuwepo mmoja, wa fundi seremala wa mjini, wenye mstari mweusi chini ya ukucha wa kidole gumba. Seremala alipoteza kidole, akabaki na vingine na roho yake. Alinung'unika juu ya kidole hicho kila aliponiona.

Ndururu ambayo haikurudi ni ya mama mkwe wangu tu.

Ajabu ni kwamba Daktari, ambaye angeweza kumpigia magoti mtu yeyote aliyepita, alimkimbia mama yule. Mama alikuja mjini mara kwa mara, kwanza na magongo, halafu na mguu wa mbao ambao ulimtangulia kwa sauti. Tok, tok, kwenye saruji, na Daktari alishakuwa chumba cha nyuma akipanga chupa. Nilimwambia siku moja, "Daktari, mama anataka kukusalimu tu." Akanijibu kwamba ana kazi. Nikamwambia hana mgonjwa hata mmoja. Akasema chupa pia ni kazi. Alikuwa ameokoa maisha ya mtu, lakini yeye alihesabu mguu tu, na hesabu hiyo hakuna aliyeweza kumsahihisha.

Mwishoni mwa miaka ile watoto wake walikuwa Uingereza, wakamwandikia waziwazi kwamba uhuru uko njiani na mzee asibaki peke yake. Akakubali, au akachoka kukataa. Makasha yakaanza kupangwa kwenye veranda, benchi likauzwa kwa mwenye hoteli, lakini mwenye hoteli akaliacha mpaka Daktari aondoke. Habari zikapanda Molo na lori.

Siku hiyo nilikuwa nashona koti la karani mmoja wa reli. Tok, tok. Nikageukia ukuta kama inavyonipasa, na nyuma yangu nikasikia benchi likilia, kisha sauti ya mama mkwe, ambayo haikuelekezwa kwangu, kwa sababu haiwezi kuelekezwa kwangu. "Aambiwe nimekaa. Sina haraka. Lori linaondoka kesho."

Chupa zikapangwa huko nyuma. Zikapangwa tena. Mwishowe nikasikia viatu vya Daktari vikija polepole hadi mlangoni.

"Mama," alisema.

"Vua viatu," alisema mama mkwe.

"Mimi?"

"Si ndiyo sheria ya hapa? Ama ni ya wengine tu?"

Nikasikia kamba, kiatu kimoja, kingine. Nikasikia akikaa kwenye kasha. Mama mkwe hakuweza kupiga magoti, basi alimwambia alete mguu juu ya benchi, na akauchukua. Nilijua anachofanya kwa sababu nilikuwa nimekiona kikifanywa kila siku: unyayo, vidole, kucha.

"Hapa kuna kidoa," akasema.

Nikasikia kasha likilia, Daktari akiinama kutazama.

"Kimeanza lini?"

"Mimi hapana jua."

"Hujui?"

"Hapana angalia." Sauti yake ilikuwa ndogo. Mwanamume aliyekagua miguu ya nusu ya Nakuru, na nyumbani hakuwa na mtu wa kumwangalia yake.

"Usitikisike. Unanizibia mwanga." Nikasikia fundo la leso likifunguliwa. Nilikuwa nimesimamisha cherehani, nikaona ni utovu wa adabu kusikiliza waziwazi, nikaanza kukanyaga tena. Ilichukua muda, muda wa mtu asiye na haraka.

"Naona ngozi," mama mkwe akasema. "Hapa ngozi. Hapa ngozi. Na huku pia. Pande zote, Daktari. Hili limelala. Kaa nyumbani."

Halafu Daktari akasema, kwa shida, kwamba ile ndururu ilipaswa kurudishwa, yeye alitangaza wote warudishe.

"Uliniachia mguu mmoja," mama mkwe akasema. "Niachie na ndururu."

Nikasikia sauti ikimtoka Daktari, na kama ni kicheko au ni kilio sikuweza kupambanua, na kugeuka sikuweza. Iliendelea mpaka mguu wa mbao uliposhuka ngazi, tok, tok, ukaishia barabarani. Nilipoliangalia koti la karani wa reli, nilikuta nimeushona mkono wake ukafungwa kabisa.